Battle for Wesnoth: je, bahati ina uzito kiasi gani katika mapigano?

Swali, kutoka kwa Kipanga

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie katika jambo linalotugawa mimi na kaka yangu. Sote wawili tunacheza Battle for Wesnoth, mchezo wa mkakati wa zamu kwa zamu ulioanzishwa na David White mwaka 2003, ambao ni programu huria inayotolewa bure chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuisambaza. Kaka anashikilia kwamba, kwa kuwa kila pigo huamuliwa kwa asilimia, hakuna mkakati wa kweli ndani yake: askari uliyemlea tangu mwanzo wa kampeni (mfululizo wa hatua zenye hadithi moja) hadi akafika ngazi ya tatu anaweza kuangushwa na orki wa kawaida, kiumbe wa kubuni aliye adui wa binadamu, aliyebahatika kupiga mara mbili mfululizo. Mimi naamini mchezaji hodari hushinda mara nyingi zaidi, lakini nashindwa kueleza kwa nini. Mchezaji ana uwezo gani hasa wa kuitawala bahati?

Jibu la Mzani

Ndugu Kipanga, swali lako linajibika kwa hesabu. Katika Wesnoth, uwezekano wa kupigwa kwa kawaida hutegemea ardhi anayosimama anayeshambuliwa, wala hautegemei ustadi wa anayeshambulia. Binadamu wa kawaida akiwa kwenye nyasi hupigwa kwa asilimia 60, akiwa kijijini au ndani ya ngome hupigwa kwa asilimia 40, na akisimama ndani ya maji hupigwa kwa asilimia 80. Kwa hiyo, mchezaji anayevuka mto mbele ya macho ya adui amekwisha kuchagua bahati mbaya kabla pigo la kwanza halijarushwa.

Sasa mchukue askari wa mkuki anayepiga mara 3. Akimshambulia adui aliye ngomeni, uwezekano wa kukosa mapigo yote matatu ni asilimia 21.6, yaani zaidi ya mara moja katika kila mashambulizi matano. Mwanasihiri naye hupiga mara 3, lakini sihiri hupata shabaha kwa asilimia 70 popote adui anaposimama, kwa hiyo uwezekano wa kukosa yote ni asilimia 2.7 tu. Ndiyo maana mwanasihiri hugharimu dhahabu 20 na askari wa mkuki 14, ingawa wa kwanza ni dhaifu mno anaposhambuliwa. Anayemtuma askari wa mkuki kuvunja ngome wakati mwanasihiri yupo nyuma yake hawezi kuilaumu bahati.

Tena mchezo haufichi chochote. Kabla ya kuthibitisha shambulio, dirisha la shambulio hilo lina kitufe cha kuonyesha uwezekano wa kila matokeo, na kwenye menyu kuna takwimu zinazolinganisha madhara yaliyotarajiwa na yaliyotokea. Mwombe kaka yako azitazame mwishoni mwa mchezo mrefu.

Jibu la Mlinzi wa Kivuko

Nakubaliana na Mzani kuhusu ardhi, ila ameacha nguzo ya pili, ambayo kwangu ndiyo uzuri mkubwa wa mchezo huu: saa. Siku moja ya Wesnoth ina zamu sita, yaani alfajiri, zamu mbili za mchana, magharibi, na zamu mbili za usiku. Askari wa binadamu wengi huongezewa nguvu kwa asilimia 25 mchana na kupunguziwa kiasi hicho hicho usiku; kwa maorki na wafu mambo ni kinyume. Askari yule wa mkuki, ambaye kila pigo lake huondoa uhai 7, mchana huondoa 9 na usiku huondoa 5. Orki wa kawaida anayepiga mara 2 kwa nguvu ya 9 hubaki na 7 mchana, lakini usiku hufikia 11. Watu ni wale wale na asilimia za kupata shabaha ni zile zile, lakini pambano limegeuka kabisa.

Mwenye kucheza vizuri, basi, hurudi nyuma magharibi inapoingia, hata kama alikuwa anashinda, akapanga safu yake vilimani na vijijini, akawaacha maorki waje kuangukia mikononi mwake kunapopambazuka. Kurudi nyuma kwenyewe kuna kanuni: askari anayefika jirani na adui hulazimika kusimama hapo, kwa hiyo askari wachache waliopangwa kwa nafasi huweza kuzuia jeshi zima lisipenye. Safu iliyonyooka humfanya kila askari wa kati ashambuliwe na maadui wawili au watatu, badala ya sita wanaoweza kumzingira akiwa peke yake. Askari wa ngazi ya tatu anayekufa kwa mapigo mawili ya orki mara nyingi alikuwa ametangulia peke yake, tena usiku.

Jibu la Shina

Naomba nitofautiane kidogo na waliotangulia. Hesabu zao ni sahihi, lakini hazijibu uchungu wa kaka yako, kwa sababu hata asilimia 2.7 itatokea siku moja, na itatokea kwa askari unayempenda. Kinga yake ni kutolitegemeza jeshi kwa mtu mmoja. Kumwita tena askari mkongwe katika hatua inayofuata hugharimu dhahabu 20 bila kujali ngazi yake, na kwa bei hiyo mchezaji hushawishika kuwatumia wale wale daima. Afadhali pigo la kuua apewe kijana: anayemuua adui hupata uzoefu wa 8 mara ngazi ya adui huyo, wakati kupigana tu bila kuua humpa kiasi kilicho sawa na ngazi yenyewe.

Zaidi ya hayo, matoleo ya karibuni humruhusu mchezaji, anapoanza kampeni, kuchagua namna ya bahati inayopunguza mitawanyiko mikubwa, ambapo matokeo hukaribia wastani. Kaka yako aijaribu katika kampeni ya A Tale of Two Brothers, ambayo ni fupi, kisha aicheze tena kwa bahati ya kawaida. Kama ardhi na saa havina maana kwake, ataanguka katika hali zote mbili.