Stata ya Land Cruiser Cygnus V8 ya petroli: manifodi ifunguliwe au gia boksi ishushwe?

Mlingoti aliandika:

Habari za jioni, wakuu. Ninamiliki Land Cruiser Cygnus ya mwaka 2002, yenye injini ya V8 ya petroli aina ya 2UZ-FE, ambayo imeshatembea zaidi ya kilomita 240,000. Kwa muda sasa gari huwaka vizuri asubuhi, lakini nikisimama sheli au dukani kisha nikataka kuondoka injini ikiwa bado ya moto, nasikia "tak" moja tu halafu kimya. Taa za dashibodi hazififii hata kidogo. Nikirudia kuzungusha ufunguo mara kadhaa, stata hushika ghafla na gari likawaka kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Betri ni mpya.

Fundi wa kwanza alichungulia pande zote mbili za injini, akaingia chini ya gari na tochi, na stata hakuiona. Alihitimisha kwamba imefichwa nyuma ya injini na kwamba ni lazima gia boksi ishushwe. Wa pili anasema iko juu, katikati ya injini, na kwamba atafungua manifodi yote ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Wa tatu anadai kwamba ataitoa kwa kupenyeza mkono kutoka nyuma bila kufungua chochote. Naomba kujua nani kati yao yuko sahihi, na kama ninunue stata nzima au vipuri vya ndani tu.

Umeme wa Magari, Gerezani alijibu:

Ndugu Mlingoti, fundi wako wa pili ndiye anayelijua gari. Katika 2UZ-FE, stata imelazwa kwenye bonde lililo kati ya safu mbili za silinda, chini kabisa ya manifodi ya hewa, na meno yake yanaelekea nyuma kwenye flaiwili, yaani gurudumu la meno ambalo stata hulizungusha kuwasha injini. Mafundi wengi wamezoea Land Cruiser za dizeli, ambazo stata yake inaonekana ubavuni mwa injini, kwa hiyo wasipoiona pale hudhani imezikwa kwenye gia boksi. Gia boksi haihusiki hata kidogo, na yeyote atakayeishusha atakuwa amekutoza fedha ya kazi isiyohitajika. Yule wa tatu simwiti mwongo, kwa sababu wapo wanaofanikiwa kuifikia kwa nyuma kwa vishikio virefu vya soketi, lakini wanafanya kazi wasiyoiona, karibu na mipira na nyaya zilizozeeka, na mimi nisingemruhusu mtu afanye hivyo kwenye gari langu.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisheni kwamba kosa ni la stata. Dalili ulizozieleza zinaelekea huko: betri ikiwa dhaifu, taa hufifia na unasikia milio mingi ya haraka haraka, ilhali wewe unasikia mlio mmoja na taa zinabaki zinang'aa, maana yake solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) inavuta lakini umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota. Hata hivyo, pimeni. Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Mtu mmoja azungushe ufunguo wakati mwingine ameshika mita kwenye nguzo za betri: ikiwa volti hazishuki kabisa huku mlio wa "tak" unasikika, mota haipokei umeme. Kagueni pia rilei ya stata kwenye boksi la fyuzi, vichwa vya betri, na waya wa ethi unaoshuka kwenye injini, kwa kuwa waya huo ukiliwa na kutu huleta dalili zinazofanana na hizi, na unatengenezwa kwa muda mfupi bila kugusa manifodi.

Kuhusu kununua, ndani ya solenoidi ya stata hizi za Denso kuna vipande viwili vya shaba na planja, yaani pini inayovutwa na sumaku, yenye sahani ya shaba inayoviunganisha. Kila unapowasha gari cheche hula shaba kidogo, na aghalabu kipande cha upande wa betri huisha kabla ya mwenzake, ndipo sahani inapoanza kugusa upande mmoja na kukosa mwingine. Vipande hivyo na planja huuzwa peke yake. Fundi akifungua kifuniko cha solenoidi utaona mwenyewe: kipande kizima ni bapa, kilicholiwa kina shimo lenye kingo nyeusi.

Mama VX alijibu:

Naunga mkono yote hayo isipokuwa jambo moja. Kubadilisha shaba peke yake ni sahihi pale stata inapofikika kirahisi. Hapa gharama iko kwenye kazi ya kufungua na kufunga, na kaboni, bushi na beringi za stata hiyo zimezunguka kilomita zile zile 240,000. Ama stata ifunguliwe yote na kila kinacholika kibadilishwe, ama ununue mpya. Stata iliyotumika ya mtaani sikushauri hata ikiwa inazunguka vizuri mezani, kwa kuwa hujui shaba zake zimebakiza nini. Ukinunua, peleka ya zamani dukani mlinganishe meno na matundu ya bolti, na uhakikishe ni ya volti 12, maana baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani zinatumia stata za volti 24.

Wakati manifodi iko nje, angalia vilivyo bondeni. Sensa mbili za noki (zinazosikiliza injini ikigonga) zimefungwa hapo hapo kwenye bloku, na waya wake hukauka kwa joto la miaka mingi. Kama kompyuta iliwahi kusoma P0325 au P0330, ambazo ni kodi za hitilafu za sensa hizo, hakuna wakati mwingine wa kuzibadilisha zaidi ya huu. Badilisha mipira midogo ya maji inayoingia kwenye throto bodi, mipira ya vakyumu iliyokakamaa, na vile viungo vya plastiki vya hita vilivyo karibu na ukuta wa nyuma wa injini, ambavyo huvunjika kwa kuguswa tu vikizeeka. Panya nao hupenda bonde hilo, kwa hiyo usishangae kukuta majani na waya uliotafunwa.

Mlingoti aliandika:

Nashukuru sana. Fundi ananishauri tufanye na mkanda wa taimingi kwa safari hiyo hiyo ili kuokoa ufundi. Pia ameniambia nichomoe fyuzi ya pampu ya mafuta na kuiacha injini izime yenyewe ili presha ishuke. Sasa gari lisipokubali kuwaka siku hiyo, itakuwaje?

Umeme wa Magari, Gerezani alijibu:

Mkanda wa taimingi uko mbele ya injini na kuutoa hakuhitaji manifodi ifunguliwe, kwa hiyo ufundi unaookolewa ni mdogo sana. Ubadilishe kwa sababu muda wake umefika, si kwa sababu ya stata.

Kuhusu presha, gari lilale usiku mzima bila kuwashwa, tangi lifunguliwe kifuniko, kisha kiungo cha mafuta kizungushiwe kitambaa kikavu na kulegezwa polepole, injini ikiwa baridi na mtu akiwa na kizima moto karibu. Waya wa hasi wa betri utolewe mapema, kwa sababu kebo nene ya stata ina umeme wakati wote hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Bonde lipulizwe kwa upepo wa kompresa kabla manifodi haijanyanyuliwa, na ikishanyanyuliwa tu, matundu manane ya hewa yazibwe kwa vitambaa safi visivyotoa nyuzi. Nati moja ikidondokea humo, kazi ya siku moja inageuka kuwa ya kufungua silinda hedi. Wakati wa kufunga, gasketi ziwe mpya na nyuso zisafishwe bila kukwaruzwa. Fundi akitaka kupaka silikoni, mzuie. Bolti zikazwe kutoka katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu cha matengenezo, kwa kuwa unakaza kwenye aluminiamu.

Katika Toyota nyingi za kizazi hiki, pampu haisukumi mafuta kwa kufungua swichi tu, inasubiri stata izunguke. Kwa hiyo mara ya kwanza zungusheni kwa sekunde chache, zimeni, mpitie viungo vyote vya mafuta kwa tochi, ndipo muwashe. Injini ikinguruma bila utulivu, au baada ya siku chache taa ya injini ikaja na P0171 pamoja na P0174 (kodi za hewa kuzidi mafuta kwenye safu zote mbili za silinda), mrudisheni fundi huyo huyo: kuna hewa inayoingia pembeni ya manifodi, au kuna mpira wa vakyumu aliousahau.