Sony wamerudi nyuma. Na sisi tuligeuze dole gumba la Helldivers 2?

Rubani_wa_Kimara, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu.

Naomba tujadili jambo ambalo halijanitoka kichwani tangu mwezi wa tano: yale maoni mabaya tuliyoimwagia Helldivers 2, gemu ya kupigana kwa timu mtandaoni, kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta. Sharti lenyewe, lile la Sony la kuunganisha akaunti yao ya PlayStation, limeshafutwa, lakini kwenye ukurasa wangu dole gumba bado linaangalia chini, yaani siipendekezi. Nilinyanyue au niliache? Nataka sababu, sio "fanya unavyojisikia".

Kwa wale ambao hawakufuatilia. Gemu ilitoka tarehe 8 Februari 2024, PS5 na kompyuta siku moja. Ukurasa wa Steam ulisema utahitaji kuunganisha akaunti ya PlayStation, lakini seva zilielemewa na watu, sharti likawekwa kando, tukaingia moja kwa moja tukacheza. Ijumaa ya tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba sharti linarudi: wachezaji wapya kuanzia tarehe 6, na sisi wa zamani mwisho tarehe 4 Juni. Shida ni kwamba akaunti ya PlayStation haifunguliki kihalali Tanzania. Wala Kenya, wala Uganda, wala Kongo. Kusini mwa Sahara nchi inayotambulika ni Afrika Kusini peke yake. Wikiendi ile maoni mabaya yalipita laki mbili, na Jumatatu Sony wakatangaza kwamba hawaendelei na mpango huo.

Na mimi nilipiga la kwangu Jumamosi. Liliniuma, kwa sababu gemu hii naipenda kuliko yoyote niliyocheza miaka ya karibuni. Nacheza na binamu yangu aliye Maskati, yeye kwenye PS5 mimi kwenye kompyuta, na yeye hakuguswa kabisa kwa sababu Oman imo kwenye orodha ya Sony. Amri ya kumrudisha mwenzako aliyekufa (juu, chini, kulia, kushoto, juu) vidole vyangu vinaibonyeza bila mimi kutazama. Risasi haichagui, ukikaa mbele ya bunduki ya binamu yako unakufa, kisha mnacheka, kisha mnagombana kweli. Halafu kuna hili ambalo watu hawalisemi vya kutosha: kifurushi cha silaha ukishakinunua hakina tarehe ya kuisha, na sarafu zake unaweza kuziokota humo humo kwenye misheni. Siku hizi karibu kila gemu ya mtandaoni inakukimbiza na saa. Hii inakuacha ucheze ukipata nafasi.

Sasa, Steam wanauliza swali moja tu: unampendekezea mwenzako gemu hii? Mwenzangu ninayemjua mimi yuko Mbezi, na hadi leo, Juni 2024, akifungua Steam gemu haimo dukani. Iliondolewa kwenye nchi zaidi ya 170 na haijarudishwa. Hayo maoni nayaandika kwa ajili ya nani?

Naomba kuwasilisha.

Mwana_Kizingo, Mombasa

Mie langu nishalinyanyua kitambo, na nitakwambia kwa nini.

Tulidai kitu kimoja. Tulidai sharti lifutwe, likafutwa kwa siku tatu. Sijui mara ngapi umeona kampuni ya ukubwa ule ikitii ndani ya wikiendi moja, mie sikumbuki. Ukimchapa mtu akakubali ulilotaka, nawe ukaendelea kumchapa, kesho hana sababu ya kukusikiliza. Hilo dole chini lina nguvu kwa kuwa linaweza kugeuka. Likibaki chini milele, litakuwa kelele kama kelele nyingine.

La pili, walioiunda gemu ni Arrowhead, watu wa Stockholm. Sio wao wanaoamua akaunti ya PlayStation ifunguliwe wapi. Johan Pilestedt, aliyekuwa mkurugenzi wao, alijitokeza hadharani akasema alijua kuhusu sharti hilo miezi kadhaa kabla ya gemu kutoka na kwamba sehemu ya lawama ni yake. Sony wao walitoa tangazo fupi tu. Wallahi mie namheshimu anayesimama mbele ya watu waliokasirika na kusema hivyo, na hiyo alama nyekundu inaonekana chini ya jina la gemu yake, haionekani chini ya jina la Sony.

Halafu ndugu yangu, yule wa Mbezi si msomaji wako pekee. Kuna Mswahili Minnesota, kuna Mswahili Dubai, huko inauzwa. Akiuliza "gemu hii yafaa?", jibu la kweli ni lipi? Yafaa. Basi mwambie yafaa.

Kitufe_Pembetatu, Nairobi

Mwana Kizingo, nakuheshimu lakini hapo kwa "tulidai kitu kimoja, tukakipata" sikubaliani nawe hata kidogo.

Waliokipata ni wale ambao tayari walikuwa wameinunua. Sharti lilipofutwa, mlango wa duka haukufunguliwa. Jirani yangu hapa Umoja ana kompyuta nzuri kuliko yangu, ana kadi ya Visa ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni, ana dola 40 zake mkononi, na anaambiwa bidhaa haipatikani katika eneo lake. Sharti halipo tena, basi kizuizi ni cha nini? Hilo swali halijajibiwa, na ndilo linalotuhusu sisi kuliko Mmarekani yeyote aliyepiga kelele wikiendi ile.

Tazama kilichofuata. Ghost of Tsushima, gemu nyingine ya Sony, ilitoka kwa kompyuta tarehe 16 Mei, siku kumi tu baada ya Sony kurudi nyuma. Hadithi yake yote ni ya mchezaji mmoja, na huhitaji akaunti yoyote kuicheza. Akaunti inatakiwa kwa ule mchezo wa wengi, Legends, na kwa vikombe vya PlayStation. Pamoja na hayo haiuzwi katika nchi zisizo na PSN, yaani mtandao wa akaunti za PlayStation, na walioilipia mapema huko walirudishiwa pesa. Samurai mmoja na farasi wake, kisiwani, peke yake. Mnaona somo walilojifunza? Mwanzo waliuza kwanza wakaweka sharti baadaye, watu wakawaka. Safari hii wakaamua wasituuzie kabisa, na hapo hakuna maoni mabaya, kwa sababu Steam hairuhusu uandike maoni ya gemu ambayo huna. Kimya kabisa.

Wale wanaosema sharti lilikuwa limeandikwa ukurasani tangu Februari, ni kweli, liliandikwa. Lakini kama ni la lazima, na Kenya haina hiyo akaunti, ni nani aliyeruhusu gemu iuzwe Kenya? Na msiniambie "fungua akaunti, weka Uingereza". Masharti ya PSN yanataka utoe taarifa za kweli. Sitaki kumiliki kitu cha dola 40 kinachosimama juu ya anwani ya uongo, halafu siku moja mtu aamue kukichukua.

Na hata kwa anayeweza kuifungua, si kila mtu anataka. Aprili 2011 mtandao huo ulivamiwa na taarifa za akaunti milioni 77 zikavuja. Sony walisema sharti ni la usalama, la kuwafungia wakorofi. Steam ina njia zake za kumfungia mkorofi, na zilikuwa zinafanya kazi tangu Februari.

Rubani, liache chini. Mpaka Nairobi na Dar zirudi dukani.

Fundi_wa_Njiro, Arusha

Nyote wawili mnabishana kuhusu dole, mimi nawaomba mtazame maandishi.

Steam inaonyesha alama mbili: ya maoni yote tangu mwanzo, na ya siku 30 zilizopita. Wikiendi ile ya Mei, alama ya siku 30 ilianguka hadi daraja la chini kabisa, ndiyo iliyoshtua watu. Tukiwa Juni sasa, wimbi lile linatoka kwenye dirisha la siku 30 lenyewe, mgeuze msigeuze. Kwenye alama kubwa, dole moja la Rubani ni tone. Tena tangu 2019 Valve, wenye Steam, wamejipa uwezo wa kuliondoa kwenye hesabu wimbi la maoni wanaloona liko nje ya mada. Kwa hiyo kutegemea idadi pekee ni kutegemea kitu ambacho mwenye duka anaweza kukipunguza.

Kinachobaki ni ulichoandika. Nilipitia maoni mengi ya tarehe zile. Mengi yana neno moja au tusi. Machache sana yanaeleza kwamba kuna nchi fulani, hii na hii, ambako akaunti hiyo haipo. Msomaji wa mwaka kesho ataona ule mnara mwekundu kwenye grafu na hatajua ulihusu nini.

Na hapa ndipo naona wachezaji wana kazi ambayo wachambuzi wa magazeti hawawezi kuifanya. Mchambuzi alipewa gemu Februari, akaandika Februari, akatoa alama zake, akahamia gemu nyingine. Mabadiliko yakaja Mei. Gemu ya mtandaoni inabadilika kila wiki, silaha inadhoofishwa, sayari inapotea, masharti yanaongezwa, na alama ya mchambuzi imekaa palepale. Simlaumu, ndivyo kazi yake ilivyo. Lakini sisi tunaweza kurudi kuhariri, na Steam inaonyesha tarehe ya mwanzo na tarehe uliyohariri. Itumieni hiyo.

Mwana_Kizingo, Mombasa

Kitufe, kwa Ghost of Tsushima sina la kukujibu, hilo limenichoma hata mie. Lakini hiyo ni hoja dhidi ya Sony. Usiibebeshe Arrowhead.

Fundi, hapo kwa maandishi nakuunga mkono. Langu lilikuwa na maneno manne tu. Leo usiku nitaliandika upya.

Kitufe_Pembetatu, Nairobi

Nitajie sehemu nyingine ambapo sauti yangu inamfikia Sony, nami nitaitumia hiyo. Kwenye Steam naingia kupitia gemu niliyo nayo, na niliyo nayo ni hii.

Rubani_wa_Kimara, Dar es Salaam

Wakuu, nashukuru. Nimewasoma wote kwa makini na nimeamua.

Kitufe, umenigusa zaidi kwa lile la kimya. Tsushima haina maoni ya Mtanzania hata mmoja aliyeikosa, na haitakuwa nayo. Basi sisi wachache tulioingia Helldivers 2 kabla mlango haujafungwa ndio tunaoweza kusema, na siwezi kuipoteza nafasi hiyo kwa kuweka dole tu, liwe juu au chini.

Lakini siwezi pia kumdanganya wa Minnesota kwamba gemu hii haifai. Jana usiku tulitoka na binamu kwenye sayari ya mashine, tumebaki wawili, hatuna hata bomu, tumekimbilia ndege ya kutuchukua huku yeye ananipigia kelele nisigeuke nyuma. Gemu inayonipa hivyo miezi minne baada ya kuinunua naipendekeza, na nitasema naipendekeza.

Kwa hiyo dole linapanda. Maandishi yanabadilika. Nayabandika hapa mnirekebishe kabla sijatuma:

"Naipendekeza. Gemu bora ya kucheza na wenzako niliyowahi kuinunua. Mei 2024 niliipa dole chini kwa sababu ya sharti la akaunti ya PlayStation, ambayo haipatikani nchini kwangu, Tanzania. Sharti lilifutwa tarehe 6 Mei. Leo, Juni 2024, gemu bado haiuzwi Tanzania, Kenya, Uganda wala katika nchi nyingine zaidi ya 170. Nikifungua Steam, mimi naiona kwenye maktaba yangu. Rafiki yangu wa mtaa wa pili haioni dukani. Ikirudi nitahariri mstari huu. Kama unasoma na mstari bado upo, jua haijarudi."

Kitufe_Pembetatu, Nairobi

Hapo nimekubali, na mimi nitaandika la kwangu kwa mtindo huo huo. Ongeza tarehe kamili kwenye "leo", na chini yake weka tafsiri ya Kiingereza, maana wanaopaswa kuusoma mstari ule hawajui Kiswahili.

Fundi_wa_Njiro, Arusha

Tafsiri nitaifanya mimi. Nitumieni nyote maandishi yenu humu humu, na kila mtu ataje nchi yake kwa jina.