Jame'eh lilifungwa, timu ikarudi na Tous: iliwezekanaje?

Nyamagana_Msomaji: Wakuu, naandaa mjadala wa klabu ya wasomaji hapa Mwanza kuhusu magazeti ya wanamageuzi wa Iran. Jame'eh lilianza Februari 1998, kufika mwisho wa Julai halipo. Mara wahariri walewale, akiwemo Mashallah Shamsolvaezin, wanatoka na Tous. Iliwezekanaje? Na je, kuna mkaguzi aliyesoma kurasa kabla hazijaenda mtamboni?

Mwaloni: Nianze na hilo la mwisho, maana linapotosha wengi. Gazeti halipelekwi kwa mkaguzi. Linachapwa, linafika vibandani, kesi inafuata. Anayebanwa kwanza ni mkurugenzi mwenye dhamana, yaani anayewajibika kisheria kwa gazeti zima, hata kama habari kaandika mwingine. Kwa hiyo mkasi mkali zaidi uko humohumo chumba cha habari.

Kuhusu Tous: kilichofutwa ni leseni, timu ikabaki. Chukulia mitumbwi ya Kirumba. Mmoja ukinyang'anywa leseni, wavuvi wanapanda wa jirani wenye leseni hai, na nyavu zao zilezile. Leseni ya Tous ilikuwepo tayari. Nalo likafungwa Septemba 1998, wakahamia Neshat, kisha Asr-e Azadegan lililozimwa Aprili 2000.

Igogo2: Aprili hiyo ndipo mwanya ulipozibwa. Magazeti zaidi ya kumi yalisimamishwa ndani ya siku chache, mahakama ikiegemea sheria ya 1960 ya kudhibiti wahalifu hatari (ndiyo, wahalifu!). Bunge lililokuwa linamaliza muda wake likarekebisha sheria ya magazeti: ukitoa gazeti linalofanana na lililofungwa kwa jina, nembo au umbo, nalo linafungwa papo hapo. Bunge jipya, lenye wanamageuzi wengi, lilitaka kulegeza mambo Agosti. Spika Karroubi akasoma barua ya Khamenei, Kiongozi Mkuu wa nchi, hoja ikaondolewa.

Nyamagana_Msomaji: Basi baada ya 2000 wakanyamaza?

Mwaloni: Wapi! Tazama gazeti la Shargh, 2006. Katuni: ubao wa sataranji, farasi na punda wanatazamana, punda kazungushiwa nuru. Wengi wakasoma kejeli kwa Ahmadinejad, rais wa wakati huo, na ile kauli yake kwamba nuru ilimzunguka alipohutubia Umoja wa Mataifa. Ila msiishie kwenye katuni. Bodi ya serikali ya usimamizi wa magazeti ilikuwa imeshaagiza mkurugenzi abadilishwe, na hiyo pia ikatajwa kama sababu. Lilirudi Mei 2007. Agosti likafungwa tena, safari hii kwa mahojiano na mshairi anayeishi Kanada.