Nimelimwa adhabu ya mapigo mawili kwa kubonyeza alama ya njumu za viatu kwenye grini. Hawa watu wamewahi kufungua kitabu kweli?

Wadau wa gofu, leo mnisamehe, uzi ni mrefu na nina hasira. Klabu siitaji jina. Iko hapa hapa Nairobi, ina mashimo 18, na waliokuwepo Jumamosi watajijua wenyewe.

Tulikuwa tunacheza Stableford ya mwezi, yaani unapata pointi kwa kila shimo, mwenye pointi nyingi anashinda. Shimo la 14, mpira wangu uko kwenye grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, hatua tatu hivi kutoka shimoni, puti (kipigo cha kuusukuma mpira uingie) ya kupanda kidogo. Katikati ya njia kuna mkwaruzo wa njumu. Mtu wa kundi lililotangulia aligeukia kisigino, akakwangua nyasi, zikabaki zimesimama kiukuta cha urefu wa kidole. Nikachuchumaa, nikazibonyeza kwa kidole gumba, nikagonga juu yake mara moja kwa fimbo, nikaputi. Ikaingia. Kwa handikepu yangu, yaani mapigo ya ziada ninayopewa kulingana na uwezo wangu, hizo ni pointi tatu.

Mzee aliyekuwa ananiandikia kadi hata hakungoja nitoe mpira shimoni.

"Kijana, hayo ni mapigo mawili. Alama ya njumu haiguswi."

"Mzee wangu, kwa heshima, hiyo sheria ilishabadilishwa."

"Nilianza gofu wewe hujazaliwa."

Sasa hapo utajibu nini? Nikanyamaza, nikasema tutamaliza mbele ya kamati. Tukafika klabuni, mtu wa kamati ya mashindano yuko baa, glasi mkononi, tukamweleza. Hakufungua kitabu. Hakutoa simu. Akasema, "Unaruhusiwa kurekebisha alama ya mpira na kiraka cha shimo la zamani, basi," akaandika kwenye kadi yangu, pointi tatu zikawa moja. Nikakosa nafasi ya tatu kwa pointi moja. Zawadi yenyewe ilikuwa blenda, na blenda ninayo nyumbani, kwa hiyo msije hapa kuniambia nalilia zawadi.

Ninachokililia ni hiki. Sheria aliyoitaja yule bwana ni ya kweli kabisa, ila ilikufa mwisho wa mwaka 2018. Enzi hizo ilikuwa sheria namba 16-1c: alama ya mpira ulioanguka kwenye grini unaziba, kiraka cha shimo la zamani unasawazisha, lakini mikwaruzo ya njumu iliyo kwenye njia yako ya puti unaiacha mpaka shimo liishe, hata kama kundi la mbele limeparura grini yote. Watu walilalamika miaka na miaka. Tarehe 1 Januari 2019, R&A ya St Andrews na USGA ya Marekani, wanaosimamia sheria za gofu, wakaanza kutumia sheria mpya, na hilo likaondolewa. Sasa tunatumia 13.1c. Imechapishwa. Iko kwenye programu ya simu ya R&A, bure, hata bando kubwa haihitaji. Mtu anayekaa kwenye kamati na kuhukumu kadi za wenzake anashindwaje kuwa nayo?

Kwa faida ya kamati hiyo, maana najua baadhi yenu mnapita humu kimya kimya, sheria inasema hivi. Uharibifu wowote uliofanywa na mtu, au na kitu cha nje kama mnyama, unaruhusiwa kuurekebisha bila adhabu. Alama ya mpira imo. Alama ya kiatu imo. Mahali bendera ilipoangushwa ikachimba, mahali mtu aliyekosa puti alipochoma fimbo kwa hasira, kiraka cha shimo la zamani, maungio ya nyasi zilizopandikizwa, kovu la mashine ya kukatia, nyayo za wanyama, kijiwe kilichozama, vyote vimo. Kwetu Nairobi hata wale kwarara wanaokuja asubuhi kudungadunga grini kwa midomo yao wakitafuta minyoo, matundu yao unaziba. Unatumia mkono, mguu, kiuma (kile kichuma kidogo chenye meno cha kurekebishia grini), kijiti cha tii cha kuwekea mpira, fimbo, au kitu cha namna hiyo. Na haijalishi kama mpira wako uko kwenye grini au bado uko nje yake, ilimradi uharibifu wenyewe uko ndani ya grini. Ukisogeza mpira, au kidude ulichowekea alama mahali pake, kwa bahati mbaya wakati unarekebisha, hakuna adhabu, unarudisha mahali pake. Tena hata kedi wako, anayekubebea begi, anaweza kurekebisha bila kungoja umwambie.

Kuna mipaka, na hapa ndipo watu wa upande wa pili nao wanaponiudhi. Huruhusiwi kugusa yaliyofanywa na mvua au maji ya kumwagilia. Huruhusiwi kugusa vitundu vya kutoboa grini ili ipumue, kwa sababu hiyo ni kazi ya kawaida ya kutunza uwanja. Palipo na upara, ugonjwa wa nyasi, kwekwe, au nyasi za kikuyu zilizojipenyeza kutoka ukingoni, unapaputia hivyo hivyo. Shimo likichakaa ukingo kwa matumizi ya kawaida, unaliacha. Na unarekebisha ili parudi kama palivyokuwa, basi. Kuna jamaa mmoja pale kwetu, akishaweka kidude cha kuonyesha mpira wake ulipokuwa anaanza kutembea kutoka mpira mpaka shimoni akigonga kwa fimbo kila hatua, tap tap tap, anajitengenezea barabara. Huyo ndiye wa kulimwa mapigo mawili, chini ya sheria 8.1, inayokataza kujiboreshea njia. Halafu anachukua dakika nzima, na kuchelewesha mchezo bila sababu nako kuna sheria yake. Yeye hajawahi kuguswa. Mimi wa kidole gumba ndiye nimeonekana.

Sasa tuje kwenye chanzo cha yote, maana ule mkwaruzo haukushuka kutoka mbinguni, na shimo la 14 halikuwa peke yake.

Ijumaa, siku moja kabla, uwanja ulikodishwa na kampuni kwa siku yao ya gofu. Sina ugomvi na kampuni, pesa zao ndizo zinazolipia mbolea. Lakini Jumamosi asubuhi tumefika grini ya kwanza, imejaa vishimo kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa Alhamisi, udongo laini, kila mpira ulioanguka kutoka juu umechimba, na hakuna aliyeinama. Nimehesabu vishimo kumi na moja kwenye grini moja nikachoka. Vingine vina matope yamekauka pembeni, dalili kwamba vimelala hivyo usiku kucha.

Na wasisingiziwe wageni peke yao. Wanachama wetu ndio walimu wa tabia hii. Nimemwona mwanachama, gari lake peke yake linatosha kulipa ada zetu za mwaka, mpira wake umechimba shimo la kuingia yai, akalipita. Kedi wake alikuwa nyuma, amebeba begi, anafuta fimbo, hajafika. Mwanachama akafika kwenye mpira, akageuka, akamfokea: "Wewe, hiyo alama huioni?" Kijana wa watu akatua begi akakimbia kuziba. Bosi, mpira ni wako. Umeupiga wewe. Kedi kuruhusiwa kukusaidia hakujaufanya mgongo wako ushindwe kuinama. Sheria 1.2 inamtarajia mchezaji mwenyewe atunze uwanja: arudishe nyasi alizong'oa, asawazishe mchanga wa bunka, azibe alama ya mpira wake. Na wale makedi wanalipwa kwa mzunguko, wengine wametoka Kibra au Kangemi kwa miguu saa kumi na moja alfajiri, halafu grini ikiharibika wao ndio wa kwanza kulaumiwa kwenye kikao ambacho hawaalikwi.

Klabu ya Muthaiga iliandaa Kenya Open, mashindano ya wacheza gofu wa kulipwa, mfululizo kuanzia 2022 hadi 2025. Waliokwenda kutazama waliona. Wale ni watu wanaocheza kwa pesa, wana makedi wa kulipwa vizuri, kamera zote ziko juu yao, lakini akifika kwenye grini mkono unaingia mfukoni kutafuta kiuma kabla hajaangalia hata njia ya puti. Sisi wa handikepu 20 tunaona ni kazi ya kujidhalilisha.

Halafu kuna wanaorekebisha, lakini afadhali wangeacha. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wana nia njema. Mtu anachomeka kiuma chini ya kishimo, anabinua juu kama anang'oa muhogo, udongo unapanda, anagonga kwa kiatu, anaondoka ameridhika. Umeua hapo. Ukibinua kutoka chini unakata mizizi, na baada ya siku mbili tatu panabaki duara la kahawia, nyasi zimekufa, puti zote zinaruka zikipita. Chomeka kiuma nje kidogo ya ukingo wa kishimo, si katikati, kisha sukuma nyasi za ukingoni zije ndani. Zunguka, chomeka tena, sukuma ndani, mpaka pajifunge. Hakuna kubinua. Mwisho gonga polepole kwa bapa la fimbo mpaka pawe sawa na pengine, uweze kuputi juu yake. Mambo ya sekunde chache. Ukifanya hivyo mara moja nyasi zinapona kwa siku chache, ukiacha zinachukua wiki kadhaa, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, kabla kovu moja halijafunga jipya limeshakuja juu yake.

Na nyinyi mnaochokoa mpira shimoni kwa kichwa cha fimbo kwa sababu kuinama kunawachosha, nanyi mjisikie. Shimo lina kipenyo cha milimita 108 tu. Ukingo wake ukishalegea, kila puti ya anayekufuata inaonewa. Vivyo hivyo kuegemea fimbo ya kuputi unapotoa mpira, unaacha alama pale pale ambapo kila mtu atapitisha mpira wake.

Nimeandika barua kwa kamati, nimeambatanisha 13.1c nzima, nimepiga mstari mwekundu chini ya maneno yanayotaja alama za viatu. Nimeomba mambo matatu. Kadi yangu ipitiwe upya kwa kitabu, si kwa kumbukumbu za miaka ya tisini. Kila kampuni inayokodi uwanja ipewe maelezo ya dakika tano kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, na kila mgeni apewe kiuma mkononi, maana hivi vitu ni bei ya chai na mandazi. Na klabu iweke kanuni za maadili zenye adhabu. Sheria 1.2 inaipa kamati ruhusa hiyo wazi wazi: mtu akionekana anapita alama yake bila kuiziba, onyo, akirudia, pigo moja. Mtaona watakavyojifunza kuinama ndani ya mwezi.

Jibu nililopata mpaka sasa ni kwamba "suala litajadiliwa kikao kijacho". Kikao kijacho ni lini, hakuna anayejua. Matokeo yameshabandikwa ubaoni, blenda imeshakwenda.

Naomba msaada wenu kwa mawili. Kwanza, kuna aliyewahi kupinga uamuzi wa kamati ya klabu yake akafaulu? Ulipitia kwa nahodha, kwa katibu, au ulikwenda juu zaidi mpaka kwa chama cha gofu cha taifa? Pili, klabu zenu zinafanyaje na wageni wa kampuni? Nasikia kuna mahali kundi halitoki tii ya kwanza mpaka msimamizi akague mifuko kama kila mtu ana kiuma. Kama ni kweli, nitajieni ni wapi, nihamie.

Na wewe uliyeandika kwenye kundi la WhatsApp la klabu kwamba "mtu mzima kulilia pointi mbili si uanamichezo", najua uko humu na jina lako la humu nalijua. Ile alama ya njumu ya shimo la 14, kundi lililotutangulia lilikuwa lako. Karibu kwenye uzi.