Dondoo la maganda ya machungwa kwa samaki wa kukaanga

Swali (Tanga): Wakuu, maganda ya machungwa ya Muheza yamejaa tele. Nataka dondoo lake lizuie mafuta ya samaki kuchacha. Nikichemsha, maji yanaota ukungu siku ya tatu. Nakosea wapi?

Jibu: Ni maji, ndugu. Yanavuta sukari na pektini (utelezi wa matunda unaogandisha jemu) pia, na sukari ndiyo chakula cha ukungu. Osha maganda vizuri, kausha kivulini mpaka yavunjike mkononi (unyevu wa pwani huchelewesha, usiwe na haraka), kisha saga. Gramu 100 za unga kwa lita 1 ya ethanoli (pombe) ya asilimia 70, chupa ya rangi nyeusi, saa 24, ukitikisa. Chuja, kisha vukiza juu ya maji ya nyuzi 50, mahali penye hewa, bila moto wa wazi karibu: mvuke wake unawaka. Spiriti ya buluu ya taa usiguse kabisa, ina methanoli, ni sumu.

Jibu: Naongezea: usianike juani, limonene (mafuta yenye harufu ya ganda) inapotea na flavonoidi (kemikali za ganda zinazozuia mafuta kuchacha) zinaharibika. Anza na kiasi kidogo sana, maana dondoo ni chungu. Ukitaka nguvu zaidi dhidi ya bakteria, jaribu ganda la komamanga, lina tanini nyingi (kemikali zenye ukakasi zinazodhoofisha bakteria). Lakini bakteria wenye utando wa nje, kama E. koli, ni wagumu zaidi. Kwa hiyo samaki waendelee kukaa kwenye barafu.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Komamanga nalo kwa kipimo hichohicho?

Jibu: Ndiyo, 1 kwa 10: gramu 1 ya unga kwa mililita 10 za ethanoli.