Tyuna otomatiki: shwari kwa wati 10, vurugu kwa wati 100

Wakuu, salaam. Kwenye bendi ya redio ya mita 40, tyuna yangu (kifaa cha kulinganisha antena na redio) inashusha SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka antena; 1 ndiyo bora) hadi 1.3 kwa wati 10. Nikipandisha hadi 100, SWR inaruka ghafla kupita 3 na rilei (swichi za umeme ndani ya tyuna) zinaanza kugonga upya. Nianzie wapi?

Jibu: Usiifungue bado. Toa antena, weka mzigo bandia wa omu 50 (kipingamizi kinachoshika nafasi ya antena), tuma wati 100. Ikitulia, huenda ubaya uko nje ya tyuna, kwenye kebo au antena.

Muulizaji: Imetulia kabisa.

Jibu: Basi fuata kebo. Kuruka ghafla namna hiyo mara nyingi huwa ni cheche: kiunganishi kilichoingia maji au kulegea hupitisha nguvu ndogo, volti zikipanda kinashindwa. Anza na kile cha juu, kwenye baluni (transfoma ndogo inayounganisha kebo na antena). Wengi hukagua cha chini tu kwa kuwa kiko karibu, na inasikitisha, maana maji huingilia juu. Shaba ya kebo ikiwa nyeusi, kata hadi ufikie inayong'aa.

Mwingine: SWR ingekuwa inapanda polepole ningeshuku kiini cha baluni kupata moto. Na tafadhali, usiiache tyuna itafute mlinganisho upya ukiwa kwenye wati 100; ncha za rilei zinaungua.