Tupeane uzoefu: umehamia nyumba mpya, unaamka na vipele. Ni kunguni au mbu tu?

Mpangaji Mpya

Wakuu, habari za asubuhi. Tumehamia Tabata Segerea tukitokea Mbagala, leo siku ya kumi na saba. Chumba, sebule na choo ndani. Kodi nimelipa ya miezi sita na dalali kachukua mwezi wake mmoja, kwa hiyo mfukoni pamekauka.

Siku ya nne mke wangu aliamka na vipele vitatu begani, vimejipanga kama vifungo vya shati. Nikasema mbu, tukafunga chandarua. Siku ya tisa mtoto naye, shingoni na mkononi. Mimi sina hata kimoja, na ndiye ninayelala katikati yao. Jana saa tisa usiku nimewasha tochi ya simu ghafla, nikageuza mito, sikuona kiumbe. Ila asubuhi kwenye shuka nimekuta vidoa viwili vya rangi ya kutu.

Mke anasema mwenye nyumba katupangisha pamoja na kunguni wake. Mliowahi kupita hapa, naomba hadithi nzima, siyo jina la dawa tu: mlijuaje kwamba ni kunguni kweli, mlianzia wapi, na kipi kiliwatia hasara.

Mama Pacha

Pole baba. Kwanza ondoa hiyo ya "mimi sina vipele". Mume wangu pia hakuwa navyo, akanicheka mwezi mzima eti naumwa na mawazo ya kuhama. Siku tulipopindua kitanda, upande wake ndio uliokuwa umejaa. Kuna watu ngozi zao hazioneshi kitu kabisa, na wengine kipele kinajitokeza siku kadhaa baadaye. Ndiyo maana huwezi kuhukumu kwa vipele peke yake.

Usiwasake wao usiku, tafuta mchana walichoacha. Toa godoro, chukua kadi ngumu (mimi nilitumia ya benki iliyokwisha muda), ipitishe kwenye mshono wa godoro pande zote. Halafu chaga, moja moja, hasa pale zinapokalia ubao wa pembeni, na kwenye matundu ya skrubu. Utaona vidoti vyeusi kama mtu kagusisha ncha ya kalamu. Ukipitisha kitambaa chenye maji vinaacha mchirizi. Kuna maganda yao, mepesi, rangi ya chai ya rangi iliyopoa, yana umbo la kunguni lakini ndani hamna mtu. Mayai ni meupe, yamenatishwa kwenye mbao, makubwa kama punje ya chumvi. Mkubwa mwenyewe ni mfupi kidogo kuliko punje ya mchele, bapa, kahawia. Akishashiba anavimba na kuwa mwekundu.

Kitanda kikiwa kisafi, hamia kwenye kochi, mikunjo ya pazia, nyuma ya picha za ukutani.

Hasara yangu: nilichoma godoro. La inchi nane, halijamaliza miaka miwili. Nikanunua jipya, nikaliweka juu ya chaga zilezile. Wiki ya pili tukaendelea pale tulipoishia.

Dogo wa Temeke

Umefunga chandarua na kunguni wamo ndani? Hapo umewaandalia karamu ukawafungia na mlango 😂

Mkaazi wa Pipeline

Jameni, mimi niko Nairobi, Pipeline, ghorofa ya tano. Nilipoletwa kuona nyumba, ilikuwa imepakwa rangi mpya, inanukia, nikafurahi nikalipa. Kumbe rangi imepita juu ya alama. Kwenye kona ya dari, ukikaribisha macho, kulikuwa na vidoti chini ya rangi kama pilipili manga imemwagika. Siku hizi nikienda kuona nyumba sianzi na maji wala stima, naanza na kona za dari na ndani ya kabati la ukutani.

Nilinunua dawa kwa mchuuzi, iko kwenye chupa ya soda, haina hata karatasi. Nikapuliza. Wiki mbili raha mustarehe. Jirani wa mlango wa pili akaanza kujikuna, naye akapuliza, wakarudi kwangu kupitia tundu la bomba. Tulirushiana hivyo miezi minne bila kuambiana! Yule mama alikuwa anatoa godoro lake nje saa nne za usiku ili asionekane, na mimi nilikuwa nafunga maganda kwenye gazeti nakwenda kutupa mbali na ploti yetu. Siku tulipokutana ngazini, yeye na godoro, mimi na gazeti, tulicheka hadi tukakaa chini. Kumbe ghorofa nzima. Msimamizi wa ploti alileta watu wa kupuliza, nyumba tisa siku moja, na hapo ndipo nililala.

Nesi wa Zamu

Nakatisha kidogo kabla uzi haujafika mbali. Kuna watu watakuja kuwaambia mweke vidonge vya kuhifadhia mahindi chini ya kitanda na kufunga mlango. Msithubutu. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, inapenya chini ya mlango na kwenye nyufa mpaka chumba cha jirani, na hospitali hatuna dawa ya kuizima ikishaingia mwilini. Nimewahi kupokea watoto wawili usiku mmoja. Walikuwa wamelala chumba cha pili, siyo kile kilichowekwa vidonge. Sitaki kuandika zaidi.

Dawa za pamba na nyanya vivyo hivyo, hazikutengenezwa ili mtu alalie. Na mafuta ya taa kwenye chaga: utaua watatu, halafu unalala juu ya utambi.

Mzee wa Kongwa

Marahaba, hata kabla hamjanisalimu.

Nilikulia kwenye tembe, sakafu ya udongo, na kwetu mwizi wa damu tuliyemwogopa ni papasi. Naye anatoka usiku, ananyonya, anarudi kwenye ufa wa sakafu kabla jogoo hajawika. Lakini papasi ni ukoo wa kupe, ana miguu minane, ukimwona ni kama kijipochi cha ngozi ya kijivu. Kunguni ana sita.

Kunguni atakuwasha na kukunyima usingizi, ila hajulikani kwa kuambukiza watu ugonjwa. Papasi analeta homa. Inakushika siku kadhaa, inakuachia, unasema nimepona, mara inarudi. Marehemu mama yangu alipimwa malaria mara tatu, hana, mpaka tabibu wa zahanati alipomuuliza, "Nyumbani unalala juu ya nini?" Kwa nyumba ya saruji huko Tabata sina wasiwasi sana, lakini mtoto akipata homa usiseme ni kunguni, mpeleke apimwe.

Wa Columbus

Nawasalimu kutoka Columbus, Ohio. Sisi tulifika hapa tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Nyumba tuliyopewa haikuwa na kitu, na siku ya tatu tukaona kochi zuri limeachwa kando ya jalala la majengo yetu. Mimi na kaka yangu tukalibeba huku tunacheka: Marekani watu wanatupa mali! Baada ya wiki tatu hakuna aliyecheka.

Ofisi ya majengo ilileta mbwa. Ndiyo, mbwa, amefundishwa kunusa kunguni. Alizunguka, akakaa chini mbele ya kochi, kisha akaingia chumbani akakaa mbele ya begi la nguo za kanisani. Halafu wakaja na mashine za joto, nyumba nzima ikapandishwa kupita nyuzi 50 kwa saa nyingi, maana kwenye joto hilo hata mayai hayaponi. Nguo zetu zote zilikuwa zimetangulia kwenye mashine ya kukaushia, joto la mwisho, zikitoka zinaingia kwenye mifuko na kufungwa hapohapo.

Nilimpigia mama simu kumwelezea. Akaniambia: "Sisi huku kila Jumamosi tunamwagia kitanda maji ya moto. Ninyi mmewekewa mashine?"

Mwanafunzi wa Wadudu

Mama hajakosea. Joto ndilo linaloua kwa uhakika, ila maji yawe yanachemka kweli, na yafike ndani ya viungo vya kitanda. Ya uvuguvugu ni kuwaogesha.

Niseme kwa nini dawa za kopo za dukani zinawaangusha wengi. Nyingi ni za kundi la pairethroidi, lilelile linalowekwa kwenye vyandarua, na kunguni wetu wamelizoea. Tangu mwaka 2002 kuna utafiti uliochapishwa, uliofanyika hapahapa Tanzania, ukionyesha usugu huo kwa kunguni wa nyumba zilizokuwa zikitumia vyandarua vyenye dawa. Unapuliza, wachache wanakufa, wengine wanapanda ukutani.

Pili, mayai. Dawa nyingi hayaziogopi. Yanaanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, na mtoto anajivua ganda mara tano kabla hajawa mkubwa, kila mara lazima anyonye kwanza. Ukipuliza mara moja ukaridhika, umeua wazazi ukawarithisha watoto nyumba. Panga awamu ya pili baada ya wiki mbili.

Na msikimbilie kulala sebuleni. Wanafuata joto la mwili na hewa unayotoa puani. Ukihamia kochini unawafungulia tawi.

Dogo wa Temeke

Na kuanika godoro juani?

Mama Pacha

Juu linaunguza mkono, chini kunguni wamehamia kivulini wanapunga upepo. Nguo sawa, zichemshe halafu zipige pasi. Godoro lenye unene ule jua halifiki kati.

Mpangaji Mpya

Wakuu, mrejesho. Nimerudi na aibu.

Kabla sijapindua chochote, hasira zilinipanda nikampigia mwenye nyumba. Nilimwambia nyumba yake ni banda la kuku. Mama wa watu hakupandisha sauti. Alinijibu tu kwamba mpangaji aliyepita alikaa miaka sita na kulea mtoto mchanga humo humo. Nikamkatia simu.

Jumamosi tukapindua. Kona za dari safi, kochi safi. Kwenye kitanda, vidoti vipo mguu mmoja tu, wa upande wa ukutani. Na kando ya mguu huo, chini ya kitanda, palisukumwa tranka la shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, alikuja likizo kutusaidia kuhama.

Tulilitoa nje kwenye saruji. Ndani alikuwa ametandika karatasi ya kufungia zawadi, ile yenye maua. Nilipoibandua, chini yake kilikuwa kijiji. Wakubwa, wadogo, maganda, mayai yamejipanga kwenye bawaba.

Binti alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Alikuwa anajua. Bwenini wote wanajua, wanapeana zamu ya kumwagia vitanda maji ya moto. Wawili waliokwenda kusema waliitwa wachafu mstarini, mbele ya shule nzima, basi wengine wakajifunza kunyamaza. Alipofika kwetu alilisukuma tranka chini ya kitanda chetu ili lisikae karibu na mkeka wake sebuleni, halafu akakosa namna ya kulitoa tena bila kuulizwa.

Mkaazi wa Pipeline

Aki pole. Huyo msichana asisemwe zaidi. Mimi na miaka yangu arobaini nilikuwa nazunguka na gazeti usiku.

Mama Pacha

Na mwenye nyumba je?

Mpangaji Mpya

Tulikwenda mimi na mke wangu, na kilo mbili za sukari. Alicheka, akatuwekea chai. Ndipo akaniuliza kama nimeshawaambia wapangaji wa uani, kwa sababu ukuta wa chumba chetu na wa kwao ni mmoja. Sikuwa nimewaambia. Nimewaambia jioni ile ile. Mmoja alinuna siku mbili, mwingine alileta chaga zake tuchemshie maji pamoja.

Mpangaji Mpya

Mrejesho wa pili, siku ya thelathini na sita.

Mpuliza dawa amekuja mara mbili, ya pili wiki mbili baada ya ya kwanza, elfu themanini kwa awamu zote baada ya kubembelezana. Alikuja na kopo lenye jina la dawa na maelezo, akatutoa nje kutwa nzima. Kabla yake tulimwaga maji yanayochemka kwenye chaga mpaka mbao zikabadilika rangi. Godoro tumelivalisha nailoni nzito na kuziba mshono kwa gundi ya karatasi, linalia kama mfuko wa chipsi kila mtu akijigeuza. Kitanda kiko mbali na ukuta, shuka haigusi sakafu, na kila mguu umesimama ndani ya kopo la siagi lenye maji ya sabuni.

Siku ya tisa hii hakuna kipele kipya. Leo alfajiri, kopo la mguu wa ukutani, nimekuta mmoja. Mdogo kama ufuta, hajanyonya, bado ana rangi ya uji. Mke wangu anasema huyo ni wa mwisho. Mimi nimempigia mpuliza dawa, anarudi Jumamosi.

Shule inafungua Jumatatu. Tranka nimelichemshia maji mara tatu, karatasi ya maua haipo tena. Nina swali moja: kuna aliyewahi kumwandikia matroni barua ya jambo kama hili bila kumtaja mtoto wake? Mlianzaje ile mistari ya mwanzo?